Celica, mama na lile korongo



Kuna watu wananiuliza kama bado natamba mjini Dodoma na ule mkoko wangu mwekundu. Jibu ni ndiyo, ila siku zake zinahesabika. Ngoja niwape kisa chenyewe.

Toyota Celica niliinunua nikiwa kapera. Milango miwili, pua ndefu, imelala chini kama mjusi juani. Nikikatiza Nkuhungu watoto walikuwa wanashangilia, na mimi kichwa kinavimba. Viti vya nyuma vilikuwa pa kutupia koti na begi la kamera tu.

Halafu nikaoa, Mungu akatujalia watoto wawili. Hapo ndipo nikayajua mateso ya milango miwili! Kumweka mtoto nyuma lazima ulaze kiti cha mbele, uingize kichwa na nusu ya mwili, umfunge mkanda, kisha utoke kinyumenyume huku jua la saa saba linakuchoma kisogo. Ukimaliza wa pili, wa kwanza anataka kukojoa...

Washkaji wakasema, "Kaka, chukua Noah." Mimi na Noah wapi na wapi? Nikajitetea kwa historia. Celica ilishinda Safari Rally mwaka 1984, 1985, 1986 na 1990, halafu mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995. Mwaka 1994 aliyekuwa kwenye usukani ni Mkenya, Ian Duncan. Sasa gari lililoshinda matope ya Kenya litashindwa na vumbi la Ugogoni?

Nilichokuwa sisemi ni kwamba magari yale yaliandaliwa maalumu kwa njia mbovu, na yale ya miaka ya tisini yalivuta kwa matairi yote manne. Langu linavuta mbele tu. Hata fundi alipoweka spesa, lilichoacha ni kukwaruza matuta ya Area D. Basi.

Machi iliyopita tukaenda kumchukua mama kijijini, upande wa Mvumi, aje mjini kutibiwa goti. Nyuma hakuweza kuingia, kwa hiyo akakaa mbele, mama watoto akajibana nyuma na wanangu. Tukafika kwenye korongo. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, maji yamepita, yameacha mchanga mbichi. Nikaingia kwa kasi kama bingwa. Katikati bampa likachota mchanga kama koleo, gari likakaa chini. Kimya.

Waliokulia huku mnayajua makorongo yetu. Ulipo jua linawaka, kumbe huko milimani imenyesha, na maji yanakuja bila hodi. Mawingu yalikuwa meusi upande wa juu.

Nikapiga kelele, "Shukeni!" Lakini nani ashuke? Mlango wa mke wangu na watoto ulikuwa nyuma ya kiti cha mama. Hawatoki mpaka yeye atoke. Mama yangu, na goti lile, akashika paa kwa mikono miwili, akajivuta, ikashindikana. Mara ya pili ndiyo akasimama. Akavua kandambili, akaegemea fimbo, akavuka mchanga peke yake ili wajukuu wapate njia.

Maji hayakuja, ashukuriwe Mungu. Vijana waliokuwa wanachunga mbuzi wakalisukuma gari, tukaondoka. Mama hakulalamika. Tulipokaribia mjini ndipo akasema, "Gari yako nzuri, baba. Ila ni ya mtu mmoja."

Kosa si la gari. Lilitengenezwa kwa ajili ya kijana na mpenzi wake kwenye lami, na hiyo kazi linaiweza sana. Ni mimi niliyetaka familia nzima ijikunje ili nionekane bado kijana.

Jana nimebandika karatasi kwenye kioo: LINAUZWA. Kuna dogo mmoja ameshalizunguka mara tatu, macho yanamtoka. Nikamuuliza, "Umeoa?" Akacheka, akasema bado.

Nimempunguzia bei.