Nilikwenda Leicester kumsalimia dada, nikalala jirani na chumba cha nyoka

Wanaorudi kutoka Uingereza utawasikia wakisimulia majumba ya London, mpira wa Manchester na baridi inayotafuna mifupa. Mimi nimerudi na habari za nyoka. Tulia, msomaji wangu, si uchawi wala si sinema.

Leicester ni mji wa katikati ya Uingereza, mwendo wa saa moja na dakika kidogo kwa treni kutoka kituo cha St Pancras, London. Kwa Mswahili si mji wa kutisha. Ukipita Belgrave Road unakutana na maduka ya dhahabu, sari, sambusa na chevda. Usishangae mzee wa Kihindi akikusikia unaongea na simu akageuka na kukuuliza, "Habari za nyumbani?" Wazee wengi wa pale walizaliwa Afrika Mashariki. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasiende huko, eti mji umejaa. Wakaenda hivyo hivyo. Leo mtaa wao ndio huo mgeni anaopelekwa kutembezwa!

Dada yangu anakaa si mbali na hapo, katika nyumba ya matofali mekundu iliyobanana na za majirani kama watu ndani ya daladala. Nilifika Novemba mwaka jana. Saa kumi na moja jioni giza limeshatanda. Dada akanipandisha juu na kunionyesha pa kulala.

"Chumba chako hiki. Hicho kidogo cha pembeni usikiwashie joto hata kidogo, mwanangu anakipoza."

Anakipoza? Mimi nimevaa masweta mawili na soksi za sufu, mtu anapoza chumba! Kumbe chumba kile kilikuwa kinaandaliwa kwa ajili ya nyoka.

Chapati na Mchuzi

Mwenye nyoka ni mpwa wangu, binti wa miaka 17. Anao wawili, jike anaitwa Chapati, dume anaitwa Mchuzi. Ni wa aina ambayo Waingereza huiita kwa jina lenye maana ya nyoka wa mahindi. Asili yao ni kusini mashariki ya Marekani, na wengine husema jina lilitokana na kuonekana kwenye maghala ya mahindi wakiwinda panya. Hawana sumu, windo lao wanalibana mpaka linakata roho. Mkubwa hufika mita moja na zaidi kidogo, rangi ya machungwa yenye mabaka mekundu, na akitunzwa vizuri ataishi miaka 15 hata 20.

Nyoka wa namna hii Uingereza huhitaji kibali kumfuga. Wa sumu kali ndio wanaohitaji leseni ya halmashauri, kwa sheria ya mwaka 1976. Ila dukani hawamuuzii mnyama mtoto wa chini ya miaka 16, kwa hiyo Chapati alinunuliwa kwa mkono wa mama mtu, tena kwa masharti. Sharti la kwanza ni kwamba panya wa kuwalisha, ambao huuzwa wakiwa wamegandishwa kama samaki, wasikanyage friji ya jikoni. Wana friza yao ndogo kwenye kibanda cha uani. Nilionywa mapema nisiende kutafuta barafu huko.

Baridi ya mpango

Mwaka huo binti alikuwa amepania Chapati atage kwa mara ya kwanza. Mimi nilidhani kazi ni kuwaweka pamoja, basi, mambo mengine watajua wenyewe. Alinicheka.

"Mjomba, tunaanza na kuwanyima."

Akanieleza. Huko kwao porini nyoka hawa hupitia majira ya baridi, na joto likirudi ndipo mwili unajua kwamba wakati wa kuzaana umefika. Kwa hiyo mfugaji anawatengenezea baridi yake. Kwanza wiki mbili bila chakula, maji tu, joto likiwa la kawaida, ili tumbo limalize kusaga. Hapo hapana mchezo. Nyoka anategemea joto la nje, kwa hiyo akipozwa na panya tumboni, yule panya ataoza humo humo na anaweza kumuua. Baada ya hapo joto linashushwa pole pole mpaka nyuzi 12 hivi. Wanakaa gizani wiki nane hadi kumi, kila mmoja na kasha lake la plastiki, maji yakiwepo muda wote, na wanapimwa uzito kila mara.

Baridi ikiisha, joto linapandishwa kidogo kidogo. Wanaanza na panya wadogo, kisha jike analishwa vizuri. Akishajivua gamba (la kweli, si lile la wanasiasa wetu la mwaka 2011) ndipo anapelekewa bwana. Baada ya mwezi na zaidi jike anajivua tena, na kama siku kumi baadaye anataga mayai 15 hivi, pengine hata zaidi ya 20, kwenye boksi lenye majani laini ya unyevu. Mayai hayageuzwi kama ya kuku. Yanawekwa kwenye joto la nyuzi 28 kwa miezi miwili.

Binti alikuwa na daftari la haya yote. Ukutani mwa kile chumba alining'iniza kipimajoto, akaandika namba asubuhi na usiku wiki nzima. Rafiki zake watatu wa chuoni alishawaahidi makinda.

Gramu 262

Ikafika Jumapili ya kuanza kuwanyima chakula. Mzani ukaletwa mezani, bakuli juu yake, Mchuzi akawekwa. Safi. Akaja Chapati, akajikunja ndani ya bakuli ametulia kama mkate wa kumimina. Mzani ukasoma gramu 262.

Binti akanyamaza. Wafugaji wana kanuni ya tatu tatu: jike asizalishwe kabla ya miaka mitatu, futi tatu na gramu 300. Chapati urefu alikuwa nao, miaka alikuwa anaikaribia, uzito ndiyo hivyo tena. Jike mdogo anaweza kukwamwa na mayai ndani. Akikwama, ni daktari wa wanyama na kisu, au ni kifo. Wala huwezi kumshindilia panya anenepe haraka, maana mnene kupita kiasi naye hupata taabu ile ile.

"Gramu 38 tu, mjomba," akaniambia, kama vile mimi ndiye mwenye mzani. "Mchuzi yuko tayari. Chumba kiko tayari. Nimeshaahidi watu."

Sikuwa na la kumjibu. Aliyejibu ni dada, anasonga ugali, mgongo ametupa.

"Mimi hawakunipima."

Nyumba nzima ikawa kimya. Dada alimzaa kifungua mimba wake akiwa na miaka 17, kijijini Muheza, siku mbili za uchungu, na ilibaki kidogo tumzike. Habari hiyo kwetu haizungumzwi. Sijui kama binti alikuwa ameisikia kabla ya siku ile, lakini alimtazama mama yake muda mrefu. Kisha akamnyanyua Chapati taratibu na kumrudisha kwenye kasha lake la joto.

Usiku ule nikamsikia anaongea na simu, anawaambia wenzake wasubiri mwaka mmoja. Mmoja alikasirika. Asubuhi chumba cha pembeni kikawashiwa joto, na mimi nikapata pa kuanikia soksi.

Kwetu je?

Vijana wa mjini, najua mtauliza. Usimkamate nyoka wa porini ukamweka ndani. Tanzania sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na Kenya nako usijaribu bila ruhusa. Ukitaka kuwaona wapo Meserani, nje ya Arusha kwenye barabara ya kwenda Ngorongoro, na Watamu kule pwani ya Kenya kwenye shamba la Bio-Ken, lililoanza mwaka 1980. Nauli ya basi inatosha, viza ya nini?

Wiki iliyopita simu yangu ililia. Picha kutoka Leicester: bakuli, Chapati ndani yake, na mzani unasoma 314. Chini yake dada ameandika maneno mawili, "Sasa sawa."