Ukitafuta Kazi ya Mazingira, Anza na Sheria

Vijana wa hapa Sola, wilayani Maswa, wanaomaliza kidato cha sita huniuliza swali moja: "Kaka, ukisoma mazingira unakuwa nani?" Aliyesoma udaktari ni daktari, aliyesoma ualimu ni mwalimu. Wa mazingira, wazee wetu hapa Maswa wanamjua kama mtu wa kupanda miti na kusimamia usafi wa soko. Siku hizi nawajibu kwa ufupi: fuateni sheria, mtaikuta kazi.

Mfano uko karibu. Bwawa la New Sola, ambalo wengi wanaliita Zanzui, ndilo tegemeo la maji la mji wa Maswa. Mvua za kwanza zikinyesha, maji yanayoingia bwawani yana rangi ya chai ya maziwa. Mpita njia anaona uchafu tu. Aliyesoma anajiuliza udongo huo umetoka mashamba gani, mifugo inashukia wapi kunywa, na mtambo wa kusafisha maji utahitaji shabu ya kutuliza tope kiasi gani.

Swali la shabu hujibiwa mezani. Unapanga bika (vyombo vya maabara) sita zenye maji yale yale, kila moja unaitia shabu kwa kiasi tofauti. Unakoroga kwa kasi, kisha polepole, halafu unaacha yatulie. Tope huanza kushikana vidongevidonge na kuzama. Bika iliyotakata kwa shabu kidogo kuliko nyingine ndiyo inayokupa kipimo cha mtamboni. Ukizidisha, unamwaga fedha. Ukipunguza, tope linapenya hadi kwenye mabomba na klorini haiui vijidudu ipasavyo. Hiyo ni kemia ya darasani, na kuna mtu analipwa mshahara kwa kuijua.

Swali la mashamba na mifugo halina bika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, na zile zinazoweza kuharibu hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Kwenye kitabu ni mistari michache. Ukifika bwawani, ni futi kamba, GPS, mwenyekiti wa kijiji, na mayu (mama) mmoja aliyepanda dengu ndani ya eneo hilo. Aliniuliza mbele ya watu: "Mwanangu, hizo mita zinaanzia wapi, maji yakijaa au yakikauka?"

Sijawahi kuulizwa swali la kitaalamu zaidi ya hilo, hata na mhadhiri. Ardhi yetu hapa Maswa ni tambarare. Bwawa likipungua, ukingo unahama mbali sana. Ukipimia wakati wa kiangazi, mvua zikija vigingi vyako viko majini. Tulipima kuanzia pale maji yanapofika yakijaa, wazee wakituonyesha alama, na dengu zikaachwa zivunwe kwanza. Bila takwimu nisingekuwa na hoja. Bila wazee wale nisingekuwa na mpaka.

Wasukuma hawakungoja chuo kikuu wajue kutenga eneo. Ngitili, yaani malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili yafae kiangazi, ni utaratibu wa zamani, na dagashida, baraza la jadi, ndiyo iliyowahukumu waliouvunja. Programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ilipoanza mwaka 1986, Maswa na Bariadi zikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, iliufufua utaratibu huo. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto. Mtaalamu anayeingia kijijini bila kujua historia hiyo atahubiri kwa watu wanaomzidi.

Sasa ajira. Sheria hiyo ya 2004 inataka kila halmashauri iwe na afisa wa usimamizi wa mazingira: huo ni mlango wa kwanza. Kanuni za mwaka 2005 zinataka miradi mikubwa, kama viwanda, migodi na barabara, ifanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira na wataalamu waliosajiliwa: huo ni wa pili, na ndiko wengi wanaanza kama wasaidizi wa kukusanya takwimu. Mwenye mradi haishii kwenye cheti. Anatakiwa kufuatilia na kutoa taarifa, ndiyo maana migodi huajiri watu wetu. Sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inasimamia bodi za mabonde, ikiwemo ya Bonde la Ziwa Victoria: huo ni mlango mwingine. Na wafadhili wana masharti yao: mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani kwetu Simiyu, uliopitishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, hauwezi kwenda bila watu wa kuangalia athari zake kwa ardhi na kwa wakazi.

Sitawadanganya: wahitimu ni wengi kuliko nafasi zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Vyuo vikuu vya SUA, Ardhi, Dar es Salaam na Dodoma vyote vinafundisha fani hii au fani zinazokaribiana nayo. Anayepita ni yule anayeweza kuchora ramani kwa kompyuta, kupima maji mwenyewe, na kuandika ripoti ambayo mkurugenzi ataielewa bila kumwita. Kwa hiyo mliosoma PCB au CBG, angalieni mwongozo wa TCU wa mwaka husika, na mkienda fildi msikubali kukaa ofisini kupanga mafaili. Halafu, kabla ya kutuma barua yoyote ya maombi, jiulizeni: hapa ninapoomba, ni sheria gani inawalazimisha wawe na mtu kama mimi? Asiyeweza kujibu hilo anaomba hisani. Anayejibu anawapelekea suluhisho la jambo wanalodaiwa.