Mikia miwili

Wadau, leo nakiri kosa.

Februari nilikwenda Kitulo, kule Makete, kuandika habari za maua. Ndiyo ile hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 2005, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Uwanda uko mita kama 2,600 juu ya bahari. Mimi mtoto wa Dar nilitetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa.

Nikapiga picha ya okidi ya rangi ya waridi, nikaandika chini yake "Disa". Gazeti likatoka, kichwa kikavimba.

Wiki hiyo hiyo akapiga simu mwalimu wangu wa zamani wa baiolojia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ulihesabu mikia?"

"Mikia ipi tena?"

Akanieleza. Ua la Disa lina kofia juu, na kwenye kofia hiyo kuna mkia mmoja. Satyrium nayo ina kofia, ndiyo maana wengi tunachanganya. Ila mikia yake ni miwili, inaning'inia kwa nyuma. Nikafungua picha kwenye kompyuta, nikaivuta karibu. Miwili, jamani!

Nikajitetea: "Lakini Mwalimu, nani atajua? Kesho gazeti linafungiwa vitumbua."

"Nakala moja inabaki maktaba," akasema.

Hapo nikanyamaza. Maana habari yenyewe ilihusu uchimbaji. Okidi hizi ni za kudumu: kiangazi majani yanakauka, lakini chini kuna kiazi kinachongoja mvua ili kichipue tena. Kiazi hicho hicho ndicho kinachochimbwa na kuvushwa hadi Zambia, kikasagwe na kupikwa na karanga kuwa chikanda. Ukiking'oa, umemaliza mmea mzima, mwakani hakuna ua. Sasa mtu akitaka kujua miaka 20 ijayo ni ua gani lilikuwepo pale na limetoweka, atasoma nini? Uongo wangu.

Nikaenda kwa mhariri. Akaguna, akanipa mistari miwili ukurasa wa pili. Hakuna aliyeisoma, nadhani, isipokuwa Mwalimu, aliyetuma ujumbe wa neno moja: "Vema."

Mkienda Kitulo, wadau, msichume. Piga goti, chungulia nyuma ya ua, hesabu mikia. Halafu ndipo uandike.