Vipimo Vitatu vya Kamionete Yangu

Mimi ni shofere. Miaka mingi nilipita njia ya Uvira na Bukavu na kamionete Toyota Hilux ya mwaka 1994, yenye moteri ya dizeli. Anayeijua njia ile anaujua mlima wa Ngomo. Uvira iko kando ya ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya bahari. Bukavu yapita mita 1,450. Motokari yenye mzigo hupanda polepole, upepo unaopita katika radiatori ni haba, na moteri hupata joto kali.

Mwaka 2015 moteri yangu iliungua katika mlima ule. Mpira wa maji ulipasuka, maji yakamwagika yote. Nilitazama mshale wa joto katika tablo: ulikuwa umeshuka! Nikafurahi. Kumbe sonda, ndiyo kijiti cha shaba kinachosikia joto, haikuguswa tena na maji, ilikuwa katika hewa tu. Kichwa cha moteri kikapasuka. Nilikaa miezi mitano bila kazi, na nyumbani tulikula kwa deni.

Fundi mmoja mzee akaniambia: «Mwanangu, taa nyekundu ya mafuta ni kama kilio cha msiba. Huwaka wakati msukumo wa mafuta umekwisha karibu wote. Tutie vipimo vyenye namba.»

Tukatia vitatu: cha joto, cha msukumo wa mafuta na cha umeme. Kwanza alifungua waya wa batri upande wa hasi, ili umeme usituunguzie kitu. Sonda ya joto hakuiweka ndani ya maji, bali aliifunga kwenye chuma cha kichwa cha moteri. «Maji yakikwisha,» akasema, «chuma kitasema.» Mahali pa taa ya mafuta alitia kiungo chenye matawi mawili, ili taa ya zamani ibaki na kipimo kipya kipate mahali. Nyaya alizipitisha katika tundu lililovikwa mpira, zisikatwe na bati. Umeme akautoa mahali panapowaka kwa ufunguo tu, akatia na fyuzi.

Kisha akaniamuru niandike namba juma zima, nijue desturi ya moteri yangu: joto digri 90, umeme volti 14 moteri ikizunguka. Asiyejua namba za siku njema, atajuaje siku mbaya?

Mwaka 2016 nilikuwa napanda Ngomo, mama mmoja amepakata mtoto mwenye homa kali, tunakwenda hospitali ya Bukavu. Mshale ukafika 95, ukafika 100, ukafika 105. Nikasimama, nikazima moteri.

Mama akalia: «Papa, mtoto anawaka moto, nawe unasimama?» Wasafiri wengine wakanitukana. Ndugu zangu, moyo wangu ulipiga sana. Hata mimi nilitamani kusema kwamba kipimo kinadanganya. Lakini nikakumbuka ile miezi mitano, nikasema: «Mama, nikiendelea hatutafika kamwe.»

Kibano cha mpira wa maji kilikuwa kimelegea. Tulingoja nusu saa na zaidi, kwa maana ukifungua radiatori ikingali moto, maji huruka na kuunguza uso. Nikakaza kibano, nikatia maji polepole, tukaenda. Jua halijatua, mtoto alikuwa mikononi mwa daktari, na baada ya siku chache akapona.

Tangu siku ile mashofere wengi waliniuliza bei ya vipimo vile. Niliwajibu bei, kisha nikaongeza neno hili: kipimo hakipozi moteri. Kinasema tu. Kusimama ni kazi yako, hata wakati wote waliomo motokarini wanapiga kelele uende.