Mshenga wa Volti

Katika miaka niliyofundisha fizikia ya kidato cha tano na cha sita, jina lililonipa taabu kuliko yote ni "mfuasi wa volti". Hivyo ndivyo tunavyoweza kulitafsiri jina la opampu ambayo mlango wake wa kutokea umeunganishwa na mlango wake wa kugeuza. Volti inayoingia ndiyo inayotoka, haizidi wala haipungui. Mwanafunzi mwerevu huuliza papo hapo: "Sasa mwalimu, kazi yake nini?" Jina "mfuasi" halimjibu.

Hesabu humjibu. Chukua betri ya volti 9 na rezista mbili za omu 10,000 kila moja, zilizofuatana. Katikati yake kuna volti 4.5. Unganisha hapo mzigo wa omu 10,000, nazo volti zitashuka hadi 3: theluthi nzima imeliwa na mgeni. Badala yake weka mzigo wa omu 1,000,000, na zitabaki takriban 4.48. Chanzo ni kilekile. Aliyebadilika ni mwombaji.

Mimi ningeiita opampu hiyo mshenga. Mshenga hufikisha maneno kama alivyotumwa, na hapa nauli haimwelemei aliyemtuma: mkondo unaoulisha mzigo hutoka kwenye umeme wa opampu yenyewe. Chanzo hakidaiwi karibu chochote. Najua mshenga wa kweli hujadili mahari, lakini hakuna sitiari isiyochechemea.

Faida ya jina hili ni kwamba linafundisha pia lini asitumwe. Familia zinazojuana tangu zamani hazihitaji mshenga. Ikiwa ukinzani wa mzigo ni mara 100 ya ule wa chanzo, kinachopotea ni kama asilimia 1 tu. Ukiwa mara 10, hupotea takriban asilimia 9. Basi jiulize kazi yako inavumilia kiasi gani. Vilevile, chanzo kikiwa tayari ni mlango wa kutokea wa opampu nyingine yenye mrejesho hasi, ukinzani wake ni mdogo mno, na kwa mizigo ya kawaida kuongeza mshenga ni kumtumia mshenga mshenga mwingine. Lakini vichujio viwili vya rezista na kapasita vikifuatana, cha pili humwelemea wa kwanza na kumbadilisha tabia. Hapo mtume, au ukuze ukinzani wa kichujio cha pili.

Tena mshenga ana gharama. Hula umeme, huongeza kelele kidogo, na huweza kukosea kwa milivolti chache. Akilazimishwa kusukuma waya mrefu wenye ukapasita mkubwa, huweza hata kutetemeka na kutoa ishara ambayo hakutumwa.

Sisi washairi tunaijua hali hii. Neno lililoletwa ili tu mizani itimie linaujaza mshororo bila kuubeba. Lipo pia neno dogo, "na" au "ya", lisiloongeza picha yoyote, ambalo ukiliondoa ubeti mzima huporomoka. Hayo mawili hayatofautishwi kwa kuyatazama. Hutofautishwa kwa kuyaondoa na kupima kilichopotea. Nadhani jina zuri la kitaalamu ni lile linalomkumbusha mwanafunzi kupima kabla ya kutuma.