SEHEMU YA 4: Vidonge vya mdogo wake

Ndugu zangu, leo siandiki habari za wodini. Naandika ya nyumbani kwangu hapa Omurushaka, na kosa ni langu.

Likizo ya Juni mtoto wa dada yangu alikuja kutoka Dar. Ana miaka 10, ana lile tatizo la kutotulia na kushindwa kuweka akili kwenye jambo moja. Daktari wake alimwandikia methilifenideti, wengine mnaijua kwa jina la Ritalin. Dada akanielekeza: kimoja asubuhi, basi. Nikaitika, nikaweka boksi juu ya friji. Nesi mzima!

Kijana wangu yuko Form Four. Aliona mdogo wake akimeza anatulia na daftari, akajiambia hii ndiyo dawa ya mtihani. Usiku akameza viwili, huku anatafuna akamwani, zile kahawa kavu tunazowakaribishia wageni. Saa nane usiku akaniamsha: "Mama, moyo unakimbia."

Nikamshika mkono, nikahesabu dakika nzima: 128. Kijana wa umri wake akiwa ametulia hupiga kati ya 60 na 100. Jasho, mikono inatetemeka, mdomo mkavu. Bibi yake akakimbilia maziwa. Jamani, maziwa hayaondoi dawa iliyokwisha kuingia kwenye damu! Tukampeleka hospitali usiku uleule. Presha ilikuwa juu, wakakaa naye mpaka mapigo yaliposhuka asubuhi.

Dawa hii inaongeza dopamini na noradrenalini kwenye ubongo, ndiyo maana umakini unarudi. Lakini inasukuma pia moyo na mishipa ya damu, na kahawa inasukuma upande huohuo. Mdogo wake alipimwa uzito, presha na mapigo, akaulizwa kama kwenye ukoo kuna aliyefariki ghafla kwa moyo. Wangu hakuulizwa na mtu.

Kama kwako kuna anayeitumia kwa cheti cha daktari:

• Mpe asubuhi. Ukichelewa mpaka jioni, usiku hatalala.
• Hamu ya kula hupungua. Ashibe kabla ya dawa, na jioni inapoisha nguvu. Uzito na urefu vipimwe kila kliniki.
• Kuumwa kichwa, tumbo, au hasira za ghafla: mwambie daktari, usibadili dozi mwenyewe.
• Vile vya kufanya kazi taratibu siku nzima havivunjwi wala havitafunwi.
• Akisahau, usimpe viwili kwa pamoja.
• Maumivu ya kifua, kuzimia, kuona au kusikia visivyokuwepo: hospitali sasa hivi, na boksi mkononi.
• Funga kwa kufuli, hesabu vidonge. Hii ni dawa inayodhibitiwa duniani kote kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, siyo Panadol ya kuazimana.

Alipopata nafuu nilimuuliza kwa nini hakuniuliza kwanza. Akasema, "Mama, wewe ndiye ulikuwa unampa kila asubuhi. Nikajua haina shida."

Sikuwa na jibu. Nilimwona akinitazama kila asubuhi pale mezani, na sikuwahi kumwambia kwamba hiyo dawa imepimwa kwa mwili wa mdogo wake tu. Leo jioni, mwenye dawa yoyote ndani, waambie wanao ni ya nani na kwa nini si yao.

Sehemu ya 5 ni kesho. Maswali yaleteni hapa chini, nikitoka zamu nitajibu.