Bastola ya kuchezea iliyofika Bunia



Wiki hii siwaletei habari ya barabara wala ya bei ya mihogo sokoni. Nataka kuwaeleza juu ya bastola ya kuchezea niliyokaa nayo siku nne nyumbani kwangu hapa Bunia, na jibu nililompa ndugu yangu aliyenikabidhi. Naandika sasa kwa sababu Bonana inakaribia, na sokoni bunduki za plastiki za watoto zimekwisha kutandazwa chini.

Ndugu yangu huyo, mtoto wa mama mdogo, anaishi Ubelgiji. Alikuja kwa matanga ya babu yetu. Matanga yalipokwisha, alifungua sanduku lake akatoa kitu kilichofungwa ndani ya taulo. Nilipokiona, moyo ulinishtuka. Yeye akacheka.

"Kaka, usiogope. Ni ya kuchezea."

Akanieleza kwamba huko Ubelgiji, siku ya Jumamosi, anakwenda msituni na marafiki zake. Wanajigawa makundi mawili, wanapigana kwa vigololi vidogo vya plastiki, na jioni wanakula pamoja. Mchezo wenyewe unaitwa easofti. Alikuwa na wazo: alete bastola kumi na miwani ya kulinda macho, tukodi kiwanja nje ya mji, vijana wasio na kazi wapate pa kuchezea, na sisi tupate franka kidogo. Akaniambia, "Wewe ni jurnalisti, kazi yako ni kuchunguza mambo. Ijaribu, kisha uniambie ukweli."

Mimi pia nilikuwa na haja yangu. Redioni tulikuwa tunatayarisha mchezo wa kuigiza juu ya kijana anayetoka katika kundi la silaha, na tulikosa mlio mzuri wa bunduki. Nikakubali.

Nianze na sifa zake, maana kitu chenyewe kimetengenezwa vizuri. Sehemu ya juu ni ya chuma, mshikio ni wa plastiki ngumu, na uzito wake unajaza mkono. Magazini inabeba vitu viwili: juu vinapangwa vigololi vya milimita 6, chini kuna tangi ndogo ya gesi. Ukivuta kifyatulio, nyundo inapiga vali, gesi inatoka kidogo, inakisukuma kigololi mbele, halafu inairudisha nyuma ile sehemu ya juu kama bastola ya kweli. Ndani ya mtutu kuna kipande cha mpira kinachogusa kigololi kwa juu, kinakifanya kizunguke kinyumenyume ili kisianguke haraka. Aliyebuni hayo alifikiri sana.

Mchezo huu ulianza Japani miaka ya 1970. Kule raia wa kawaida haruhusiwi kumiliki bastola, kwa hiyo waliozipenda wakatengenezewa mfano wake. Leo sheria ya Japani inaziwekea kikomo: nguvu ya kigololi isifike hata jouli 1. Nguvu hiyo haiui, lakini kigololi cha gramu 0.2 kinaweza kutoka kwa mwendo wa karibu mita 100 kwa sekunde. Kikikupata mgongoni, utaruka na kucheka. Kikikupata jichoni, jicho limekwenda. Ndiyo maana hakuna anayeingia uwanjani bila miwani.

Sasa majaribio yangu. Shida ya kwanza ilikuwa gesi. Ndege za abiria hazikubali makopo ya gesi ya namna hiyo, kwa hiyo bastola ilifika tupu. Tukanunua dukani gesi ya kujazia briketi. Hiyo ni dhaifu kuliko ile iliyokusudiwa, na baridi inaizidisha udhaifu. Asubuhi, kabla jua halijapanda, bastola ilikohoa tu: kigololi kilianguka hatua chache mbele yangu, kuku akakimbilia akifikiri ni punje ya mahindi. Saa saba za mchana, magazini ikiwa imekaa juani, ilikuwa kitu kingine. Ilipiga bidoni la njano upande wa pili wa parseli, na kwenye boksi la karatasi ikaacha kidonda kinachoonekana. Lakini nikipiga mara nyingi mfululizo, magazini inakuwa baridi mkononi na nguvu inapungua tena. Hiyo ni tabia ya gesi: ikitoka kwa haraka inapoa. Kama ningekuwa naandikia watu wa Ubelgiji, ningesema inunueni, ila msisahau gesi yake.

Lakini siandikii watu wa Ubelgiji.

Katika parseli yetu, chumba cha nyuma, anaishi mama mmoja na watoto wake watatu. Walitoka teritware ya Djugu wakati kijiji chao kilipochomwa. Siku ya pili ya majaribio nilikuwa nyuma ya nyumba na kifaa changu cha kurekodi sauti. Sikutaka kupiga kigololi. Nilitaka tu ule mlio wa chuma, sehemu ya juu ikivutwa na kuachiliwa. Nikaivuta mara moja. Nikaivuta mara ya pili.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni. Mtoto mdogo amekwisha kufungwa mgongoni. Mkono mmoja umeshika sufuria yenye kifurushi ndani, mwingine umemshika msichana wake wa kati. Mvulana mkubwa sikumwona. Alikuwa amelala kifudifudi chini ya kitanda. Mama hakupiga kelele. Aliniuliza kwa sauti ndogo:

"Papa jurnalisti, inatoka upande gani?"

Wapenzi, tangu nimalize masomo yangu ya uandishi wa habari nimeulizwa maswali mengi, lakini lile sikuweza kulijibu. Nilikuwa na bastola mkononi. Upande ulikuwa wangu.

Nikamwomba msamaha. Nikamwonyesha magazini na vigololi, nikamweleza habari ya gesi. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akasema:

"Nimeelewa, papa. Ila mwizi akikuja usiku na kitu kama hii, atanielezea kwanza kama ni ya kuchezea?"

Nimesoma maelezo mengi ya wanunuzi juu ya bastola hizi: uzito, usahihi, uimara wa kifyatulio. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la huyu mama. Na hapa kwetu ndilo swali la kwanza. Sote tunajua saa ambayo mlango unagongwa na simu pamoja na franka chache za mboga vinaondoka. Anayenyang'anya hana haja ya risasi. Ana haja ya kuogopwa tu, na kwa kazi hiyo bastola ya ndugu yangu ingepata alama zote.

Kuna hatari nyingine, ya yule anayeibeba. Marekani sheria inataka bunduki za namna hiyo ziuzwe na ncha ya rangi ya machungwa, ili zijulikane. Tarehe 22 Novemba 2014, mjini Cleveland, mtoto wa miaka 12 aliyeitwa Tamir Rice alikuwa katika bustani ya watu wote na bastola ya easofti iliyokosa ncha hiyo. Polisi walifika kwa gari na kumpiga risasi mara tu waliposimama. Alikufa siku iliyofuata. Hiyo ni nchi isiyo na vita ndani ya mitaa yake. Hapa Ituri, tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Fikiria kijana anatoka mchezoni jioni, amepanda pikipiki, kitu cheusi kimechomoza kiunoni, na mbele yake kuna barieri ya askari ambao hawajalala siku mbili. Nani atamweleza askari habari ya kipande cha mpira na gesi ya briketi? Mimi mwenyewe sikuthubutu kuibeba hadi studioni.

Kwa sababu hiyo kijana anayeigiza katika mchezo wetu wa redio ndiye aliyekuja nyumbani. Jina lake sitalitaja. Alipitia katika kundi la silaha akiwa bado mdogo, akatoka, leo anashona nguo. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga kwa kosa la kuwaingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika vita vya hapa hapa Ituri. Wengi tulidhani jambo hilo litakoma. Huyu kijana ni wa nyuma ya hukumu ile.

Nilifanya kosa la kumpa bastola mkononi bila kumwandaa. Aliipokea, na vidole vyake vikafanya kazi peke yao: magazini ikatoka, sehemu ya juu ikavutwa, ndani pakaangaliwa kama kuna risasi. Macho yake yalikuwa kwangu muda huo wote. Halafu akaiweka mezani, mtutu ukaelekea ukutani.

"Iko na uzito wake kabisa," akasema. "Mi sitaki."

Nikamwambia tulikuwa tunatafuta mlio tu. Akafikiri, akasema mlio wa bunduki si wa lazima. "Weka watu wanakimbia usiku na masufuria inagongana. Kila mtu atajua."

Ndivyo tulivyofanya. Tulikopa masufuria ya yule mama wa chumba cha nyuma, baada ya kumweleza kila kitu na kumpa nafasi ya kukataa. Tulirekodi saa nne asubuhi, mlango wazi, watoto wake wakituona. Ile sauti ya bastola niliifuta.

Jibu langu kwa ndugu yangu lilikuwa fupi: kitu ni kizuri, usilete kingine, na hiki rudi nacho. Hakufurahi. Aliniambia kwamba vita vimetunyima hata haki ya kucheza, na kwamba vijana wetu nao ni vijana kama wa Ubelgiji. Sina neno la kumpinga hapo. Ni kweli viwanja vyetu vingi vimejaa mahema, na kijana asiye na pa kuchezea atatafutwa na watu wenye michezo mingine. Hilo deni bado liko juu yetu, na bastola kumi zisingelilipa. Kucheza vita kunawezekana pale ambapo jioni kila mmoja anajua vita imekwisha.

Tuliifungua vipande vipande, akavifunga tena ndani ya taulo, akaondoka nayo. Siku iliyofuata mama wa chumba cha nyuma aliniuliza kisimani, "Ilikwenda?" Nikamjibu, "Ilikwenda, mama." Akajaza bidoni lake.

Kwa hiyo ombi langu kwa wazazi, siku hizi za kuelekea Bonana. Mtoto akililia bunduki ya plastiki sokoni, usimpige, wala usimcheke. Ameona wenye bunduki wakitiiwa, naye anataka kutiiwa. Mnunulie kitu kingine, hata kama ni kidogo. Na ninyi mnaouza, mkiweza, ziacheni mwaka huu. Katika parseli nyingi za Bunia kuna chumba cha nyuma, na ndani yake kuna mtu anayesikiliza ili ajue inatoka upande gani.